Tarumbeta Iliyogeuka

Miaka kumi na minane Chiriku alikuwa akimwandalia maneno. Aliyanoa jioni baada ya jioni juu ya cherehani, akikunja mapindo ya sare za shule za watoto wa wenzake, na kila mwaka yalizidi makali. Alijua angeanza na lipi na angemalizia na lipi. Sasa Shavu alikuwa amesimama mlangoni pa studio, hatua nne kutoka kwake, sanduku la tarumbeta mkononi kama abiria asiye na hakika kama kituo chake ndicho hiki, na maneno yote yakamtoka Chiriku kichwani kama kuku waliofunguliwa banda.

"Umenenepa," akamwambia.

"Na mimi nimefurahi kukuona," Shavu akajibu.

Mpiga ngoma za konga alicheka, akajifanya anakohoa. Shavu akaingia, akamwamkia kwa adabu Mama, mama yake Chiriku, akapita kando ya Chiriku bila kumgusa. Ila macho. Yalikuwa macho yaleyale, mazito ya kope, yenye tabia ya kuchelewa kuondoka. Chiriku akayaangalia mpaka yakashindwa yakainama. Hakuja hapa kuyeyuka.

Wanaosema muda huponya hawajawahi kuulizwa makovu yao yako wapi. Muda huficha tu, kama mkeka juu ya shimo, na anayetumbukia si aliyechimba.

Walioishi miaka ile hawahitaji kuambiwa Saa Nane Kamili ilikuwa bendi ya namna gani. Jina lenyewe lilitokana na saa ya mazoezi, saa ambayo majirani wote wako kazini na hakuna wa kurusha jiwe juu ya bati. Walipiga funki, ile ya besi inayotembea kifua mbele, lakini chini yake walitia konga na vijiti vya Kilatini, juu yake tarumbeta, na viitikio vya Kihispania walivyoviokota kwenye sahani za santuri bila kujua maana. Ilipita miaka kabla baharia mmoja hajawaambia kwamba kiitikio walichokuwa wakikipigia magoti jukwaani kilisema tu "fungua dirisha, kuna joto". Watu walikuwa wamekwisha kukililia harusini.

Chiriku aliimba na kugonga vijiti. Shavu, ambaye mashavu yake yakijaa upepo yalikuwa kama maandazi mawili, alipuliza tarumbeta. Besi ilikuwa ya Kaka, kaka yake Chiriku wa tumbo moja, kiongozi wa bendi, na tangu baba yao afariki, kiongozi wa kila kitu kingine.

Sasa kampuni moja ya muziki ilitaka nyimbo zao zilizotamba, kumi na mbili, zikae kwenye albamu moja. Kaka alikuwa amewaita wote waje na vyombo vyao, saa tisa alasiri, katika studio ileile ya zamani yenye trei za mayai ukutani za kuzuia mwangwi, wasikilize orodha na kupigwa picha ya jalada. Alikuwa amekuja na Mama pia, akamkalisha kwenye benchi la chumba cha mitambo, nyuma ya kioo, mkoba mapajani. Alisema ni kwa ajili ya picha. Chiriku hakudanganyika. Watu wengine wakitaka kushinda kesi huja na wakili. Kaka huja na Mama.

Picha ilipigwa kwanza. Kaka alimpanga Chiriku pembeni kabisa, bega moja karibu litoke nje ya jalada, na Shavu pembe ya pili, halafu yeye mwenyewe na besi yake akakaa katikati kama ukuta wa mipaka. Chiriku alisimama alipowekwa. Alikuwa anaweka akiba ya maneno.

Kisha Fundi, mwenye studio, akawasha mashine, na Kaka akaanza kusoma orodha. Wimbo wa kwanza mpaka wa kumi na moja, hakuna aliyepinga. Mpiga konga alitikisa kichwa kwa utamu mara mbili tatu. Walipofika wa kumi na mbili Kaka aliondoa miwani, akaifuta, akairudisha. Ulikuwa "Njoo kwa Mlango", akasema, na ungewekwa ule watu wanaoujua.

"Huo sitaki," Chiriku akasema.

Kaka akamweleza, kwa sauti ya kumwelekeza mgeni njia, kwamba huo ndio wimbo uliowapa jina. Kwamba albamu bila huo ni harusi bila bibi harusi. Kwamba mambo ya zamani yamekwisha zamani.

"Huo sitaki, Kaka. Ama uwekwe ule tuliourekodi mara ya kwanza, ama sauti yangu itoke kwenye nyimbo zote kumi na mbili. Mkataba una sahihi zenu wote na yangu bado. Kalamu ninayo hapa, ila haina haraka."

"Wa kwanza haupo," Kaka akasema. "Unajua kwamba haupo."

Alijua. Wote waliokuwa mle ndani walijua, na ni lazima msomaji naye ajue.

Siku zile studio ile ilikuwa na maiki moja tu ya kuaminika, kwa hiyo sauti zilipangwa kwa miguu. Kaka alichora sakafuni kwa chaki mahali pa kila mmoja. Chiriku, kiganja kimoja kutoka kwenye maiki. Konga, hatua tatu. Spika ya besi, chini ya godoro. Na tarumbeta, ambayo ingeweza kuwameza wote, hatua nane nyuma, mpigaji akiangalia ukuta, ili sauti ipige ukuta kwanza na kurudi ikiwa na adabu. Kukanyaga nje ya chaki lilikuwa kosa. Kugeuka hakukuwa na jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kugeuka.

"Njoo kwa Mlango" aliutunga Chiriku mwenyewe. Ni wimbo wa msichana anayemwambia mpenzi wake aache kumpitia dirishani kama upepo. Aje mchana, kwa mlango, watu waone. Mstari wa mwisho ulisema: *asiyenitaka mchana, usiku asinigonge.* Bendi nzima ilidhani ni utunzi tu. Shavu peke yake ndiye aliyejua wimbo ule ulikuwa ni barua, na umeandikwa kwa nani.

Ubeti wa tatu, Shavu aligeuka.

Hakuna aliyemwona ila Chiriku. Mpiga konga alikuwa ameinama juu ya ngozi zake, na Kaka hupiga besi macho ameyafumba, ndiyo desturi yake. Chiriku alimwona Shavu akiuacha ukuta pole pole, tarumbeta mdomoni, jasho shingoni, akaja kumtazama yeye moja kwa moja, akapuliza majibu ya barua yote. Chiriku mwenyewe hakukosa mstari. Hajui mpaka leo ni vipi hakukosa.

Lakini kanda haina kope za kufumba. Walipoketi kusikiliza, tarumbeta iliyokuwa mbali ikaanza kukaribia. Ikaja, ikaja, ikasimama pua kwa pua na sauti ya msichana. Hata kiziwi angejua kwamba mwanamume ameuacha ukuta. Kaka akafumbua macho. Akainuka, akaidaka kanda pale pale mashine inazunguka, akaikata kwa mikono, akachomoa gurudumu, akatoka nalo uani akalichoma. Kisha akaenda nyumbani kumwambia Mama kwamba kuna aibu imenaswa kwenye kanda, ameiteketeza, asiulize zaidi. Mama hakuuliza. Mwenye duka la vitambaa alikuwa ameshaleta posa ya Chiriku, na mpuliza bati kama Shavu hakuwa kwenye hesabu ya mtu.

Kesho yake waliurudia wimbo. Na huo wa pili ndio ambao watu wameucheza miaka yote kumi na minane, ndio ule wanaouimba mpaka leo kwenye sherehe, wakifika mwisho wananyoosha vidole juu na kuusema ule mstari mara tatu. Wanadhani ni mapambo. Chiriku aliutunga usemwe mara moja. Aliusema mara ya kwanza akimwangalia Shavu mgongo, akingoja ageuke. Akausema tena. Akausema mara ya tatu. Shavu akamaliza akiangalia ukuta, akaweka tarumbeta kwenye sanduku, akaondoka mjini kabla jasho halijakauka. Wiki hiyohiyo Chiriku alimkataa mwenye duka mbele ya wajomba zake wote, na Kaka akatafuta mwimbaji mwingine.

Ndiyo kusema aliteseka mara moja, na watu wakacheza mateso yale maelfu ya mara. Na sasa yawekwe kwenye albamu, na jalada juu.

"Wa kwanza upo," Fundi akasema.

Alisema kimya kimya, akiwa amempa Kaka mgongo, kama mtu anayetaja mvua. Kaka akamuuliza upo vipi, na yeye aliushuhudia ukiteketea kwa macho yake. Fundi akafungua kabati, akatoa bati la kanda lililoshika kutu, akaliweka mezani.

"Kaka, wewe ni bingwa wa besi, ila mashine huzijui. Kanda ikisomwa inatoka gurudumu la kushoto inahamia la kulia. Mlichokwisha kukisikia kilikuwa kulia. Wewe ulichomoa la kushoto."

Ilichukua muda kidogo kuingia. Mpiga konga alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliziba mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yakimtikisika.

"Ulichoma mwisho wa wimbo," Fundi akaendelea. "Ule ambao haukuwa na kosa lolote. Kosa lenyewe nimelitunza hapa. Sikulitupa kwa sababu, nisameheni, lilikuwa tamu."

Kaka akasema isipigwe. Akasema kuna mzazi humu ndani. Akamwambia Mama ni afadhali asubiri nje, hii ndiyo ile kanda.

Mama akauvuta mkoba wake karibu. "Ile kanda?"

"Ndiyo, Mama. Ile."

"Iwashe," Mama akamwambia Fundi.

Ikawashwa. Konga zikaingia zikicheka, besi ikaja kifua mbele, vijiti vikagonga, na ile sauti ya msichana wa miaka ishirini na miwili ikajaa chumba. Chiriku alikuwa hajaisikia tangu siku ile. Alishika ukingo wa meza. Ubeti wa kwanza, tarumbeta iko kule, kama redio ya jirani. Wa pili, kule kule. Wa tatu ikaanza safari, na nywele za mikono yake zikasimama, maana mwili una kumbukumbu yake na hauombi ruhusa. Alihisi Shavu, nyuma yake, ameacha kupumua. Tarumbeta ikafika. Ikasimama. Sauti mbili zikatazamana. Kisha mkwaruzo, halafu kimya.

"Imekwisha?" Mama akauliza.

"Imekatikia hapo, Mama."

"Rudisha."

Fundi akairudisha ubeti wa tatu. Mama akaisikiliza sikio limeelekezwa kwenye spika, uso umekunjamana kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Ikakatika tena.

"Aibu iko wapi?"

Kaka akaanza kueleza. Hakusikia jinsi inavyokaribia? Jinsi inavyomjia?

"Nimesikia tarumbeta," Mama akasema. "Miaka kumi na minane nimepita njiani nimeinamisha kichwa. Nilidhani mmewanasa humo wakifanya sijui nini, hata kutamka nilikuwa naona haya mbele ya Mungu. Kumbe kijana kageuza shingo."

"Mama, ilikuwa ni heshima ya nyumba."

"Heshima ya nyumba ndiyo uliyoichoma uani. Na upande usio na makosa." Kisha akamgeukia Shavu, akampima kutoka viatuni mpaka kichwani. "Na wewe usitabasamu. Mimi mpuliza bati bado simtaki. Ila sitaki pia kusingiziwa aibu ambayo haipo."

"Sikukuomba umtake, Mama," Chiriku akasema. "Hata mimi sijui kama namtaka."

Akatoka chumba cha mitambo, akaingia chumba cha kurekodia, kule kwenye maiki. Hakumwita mtu. Shavu akamfuata, na mlango mzito ukajifunga nyuma yao. Nyuma ya kioo waliobaki wakajifanya wanaangalia mitambo.

Feni ilikuwa imezimwa, kama ilivyokuwa ikizimwa siku zote kwa kuwa ilipenda kuimba. Joto lilikuwa lilelile. Shavu akasema kwamba ana mengi ya kumweleza. Chiriku akamwambia ayaweke, yeye ana moja.

"Siku ya pili ulipiga ukiangalia ukuta mpaka mwisho. Hukukosea noti hata moja. Nimejaribu kukusamehe kuondoka, nimeweza. Kunyamaza, nimeweza. Ila ule usafi, Shavu. Ungekosea hata noti moja ningejua mkono umekutetemeka. Hilo ndilo sijakusamehe."

Shavu akaliweka sanduku lake sakafuni. Alikuwa na mvi mbili tatu kwenye ndevu, na Chiriku akajikuta anazihesabu, akajikasirikia, akaacha.

"Kaka aliniambia nikigeuka tena nguo zako zitatupwa nje," Shavu akasema.

"Ningeziokota."

"Nilikuwa na miaka ishirini na minne."

"Mimi nilikuwa na ishirini na miwili, na niliwakatalia wajomba watano wamekaa kwenye viti."

Shavu alisema tu, akiangalia sanduku lake, kwamba tangu siku ile hajapiga tena akiangalia ukuta, popote, hata akiamriwa. Bendi mbili zilimfukuza kwa sababu hiyo. Sasa anafundisha bendi ya shule, na wanafunzi wake wamezoea kumwona anazunguka zunguka ovyo kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Walifanya vizuri kukufukuza," Chiriku akasema. Lakini mdomo wake ulikuwa umeanza kumsaliti pembeni, na Shavu aliona, na macho yale yenye kuchelewa kuondoka yakakaa hapo hapo.

Sauti ya Fundi ikawajia kwenye spika, ikiomba radhi. Alisema wimbo wa kwanza ni mtamu lakini hauna mwisho, na kampuni haitapokea wimbo uliokatika. Nyuma yake ikasikika ya Kaka, ikisema basi, ndiyo yaleyale, uwekwe wa pili wakapumzike.

Chiriku akaisogelea maiki. Kiganja kimoja.

"Tutaumalizia," akasema. "Sasa hivi. Vyombo viko hapa, chumba ni hiki, maiki ni hii. Fundi ataunga pale ulipokatika."

Kaka akauliza kwa kejeli kama wataumalizia bila besi.

"Bila besi, kama hutaki. Watu watasikia pengo, wataulizana nani hakuwepo, na mimi nitawaambia. Nina muda. Nimejifunza kungoja kwako."

Kupitia kioo alimwona Mama akisema neno moja, fupi, bila kumwangalia Kaka. Mlango ukafunguliwa. Mpiga konga akaingia akialisha vidole vyake, na baada yake Kaka, besi begani, uso umefungwa kama duka lililofilisika. Akasimama mahali pake. Chaki ilikuwa imefutika miaka mingi, lakini miguu yao yote ilijua.

Ya Shavu pia ilijua. Chiriku alimwona akihesabu hatua nane kwa mazoea, akisimama, uso kwenye trei za mayai.

"Shavu."

Akaangalia nyuma.

"Mara hii usingojee katikati. Geuka tangu mwanzo."

Fundi akasema kwenye spika kwamba tarumbeta ikielekea maiki itamwaga sauti kila mahali. Chiriku akasema imwage. Shavu akageuka. Akaja mbele hatua moja, ya pili, ya tatu, kila moja nje ya chaki isiyoonekana, akasimama mahali ambapo mtu yeyote nyuma ya kioo angeweza kumwona, mchana, akaipandisha tarumbeta.

Chiriku akagonga vijiti. Konga zikajibu. Kwa pigo moja besi haikuwepo, kisha ikaja, nzito, yenye kununa, lakini ikaja. Na alipotupa jicho upande ule aliona jambo ambalo hajawahi kuliona katika maisha ya bendi ile: Kaka alikuwa anapiga macho yakiwa wazi.

Tarumbeta ikapasua chumba. Nyuma ya kioo mishale ya vipimo vya sauti ikaruka kwenye wekundu, na mkono wa Fundi ukakimbilia kitufe cha kupunguza. Mama akamshika kifundo cha mkono.

"Iache," akamwambia.

Sauti ya Chiriku haikuwa tena ya miaka ishirini na miwili. Ilikuwa na mikwaruzo ya cherehani ndani yake, na aliitoa yote, akimwangalia mwanamume aliyekuwa amesimama mbele yake mashavu yamejaa, macho yamejaa zaidi. Wakafika mwisho.

*Asiyenitaka mchana, usiku asinigonge.*

Fundi akanyoosha vidole viwili juu, kumwashiria mpiga konga kwamba bado mara mbili. Mpiga konga alikuwa tayari, mikono hewani. Wote wakamwangalia Chiriku.

Aliweka vijiti chini. Aliuimba mara moja tu.